Ukurasa Unapofika Nusu: Namna ya Kuchunguza Kasoro za Kurasa za Tovuti Kwenye Mtandao wa Polepole

Utangulizi

Tuchukue mfano wa mwanafunzi aliyemaliza kidato cha sita, ambaye sasa anajaza fomu ya maombi ya chuo kwa kutumia kompyuta ya shule. Mtandao ni wa polepole. Ukurasa unafunguka, lakini hauna rangi wala picha; maandishi yamejipanga upande wa kushoto kama orodha ya vitu vya kununua sokoni, na kitufe cha kutuma maombi hakiitiki kinapobofywa. Mwanafunzi anakibofya mara tano, anapakia ukurasa upya mara tatu, kisha anakata shauri kwamba kompyuta ina virusi. Mwenzake aliyeketi karibu anasema kuwa tovuti imeharibika. Mwalimu wa zamu naye anasema kuwa mtandao umekatika. Muda wa kupokea maombi unakwisha saa sita usiku.

Yametolewa majibu matatu, na hakuna hata moja lililotokana na uchunguzi. Jambo hili si dogo. Siku hizi matokeo ya mitihani, maombi ya vyuo na masomo mengi hupatikana kwa njia ya intaneti, na mwanafunzi asiyeweza kutofautisha ukurasa ulioharibika na ukurasa ambao haujafika wote anaweza kupoteza nafasi yake bila sababu.

Makala haya yana lengo la kuonyesha kuwa kasoro za aina hii huweza kutambuliwa kwa njia ileile itumikayo katika maabara ya fizikia au baiolojia: kutazama kwa makini, kukisia sababu, kujaribu jambo moja kwa wakati mmoja, na kuandika matokeo.

Ukurasa mmoja, mafaili mengi

Kile tukionacho kwenye skrini kama ukurasa mmoja, kwa kweli ni mkusanyiko wa mafaili mengi ambayo hufika kila moja kwa wakati wake. Kompyuta inayoyatunza na kuyatoa mafaili hayo huitwa seva. Programu iliyomo katika kompyuta au simu yetu, ambayo huyaomba mafaili hayo na kuyaunganisha, huitwa kivinjari.

Mafaili yenyewe ni ya aina tano kubwa:

1. Faili la HTML. Hili lina maneno yenyewe ya ukurasa, pamoja na alama zinazoeleza kuwa hiki ni kichwa, hii ni aya, na hapa pana picha.
2. Faili la CSS, yaani faili la mitindo. Hili hueleza rangi, ukubwa wa herufi, na mahali pa kila kitu kwenye skrini.
3. Faili la JavaScript. Hili ni programu ndogo inayokiwezesha kivinjari kutenda: kufungua menyu, kukagua fomu, kuitikia kitufe.
4. Mafaili ya picha.
5. Mafaili ya fonti, yaani maumbo ya herufi.

Mgawanyo huu una historia yake. Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN karibu na Geneva, alitoa pendekezo lake la kwanza kuhusu wavuti mwaka 1989. Kurasa za mwanzo zilikuwa maandishi na viungo tu. Mwaka 1994 Håkon Wium Lie, Mnorwe ambaye naye alikuwa CERN, alipendekeza kuwa mitindo iandikwe mbali na maneno. Wazo hilo lilipitishwa kuwa pendekezo rasmi, kwa jina la CSS, mnamo Desemba 1996. JavaScript nayo ilibuniwa mwaka 1995.

Kutokana na historia hii tunapata kanuni yenye manufaa makubwa: maneno ya ukurasa na sura ya ukurasa ni vitu viwili tofauti. Ukurasa uliokosa sura yake bado huweza kuwa na maneno yake yote.

Upana wa njia na urefu wa safari

Watu husema kwamba mtandao ni wa polepole, lakini neno hilo lina maana mbili. Hebu tufikirie mtu anayeteka maji kisimani. Kazi yake hutegemea ukubwa wa ndoo na vilevile umbali wa kisima. Ndoo kubwa haifupishi njia, na njia fupi haiongezi ujazo wa ndoo. Mtandao nao una vipimo viwili kama hivyo: kiasi cha data kinachopita kwa sekunde moja, na muda ambao ombi hutumia kwenda kwenye seva na jibu kurudi.

Kipimo cha kwanza hutajwa kwa kilobiti au megabiti kwa sekunde, ilhali ukubwa wa faili hutajwa kwa kilobaiti au megabaiti. Baiti moja ina biti 8. Tuchukue ukurasa wa kilobaiti 2,000, yaani megabaiti 2, unaopitia njia ya kilobiti 128 kwa sekunde. Tukiuacha kando muda wa maombi kwenda na kurudi, na tukichukulia kuwa mafaili yanafuatana moja baada ya jingine, tunapata hesabu ifuatayo.

Jedwali la 1: Muda wa kupokea ukurasa kwa kilobiti 128 kwa sekunde

| Aina ya faili | Ukubwa (kilobaiti) | Muda (sekunde) |
|---|---|---|
| HTML | 30 | 1.9 |
| CSS | 80 | 5.0 |
| Fonti | 100 | 6.3 |
| JavaScript | 390 | 24.4 |
| Picha | 1,400 | 87.5 |
| Jumla | 2,000 | 125 |

Tazama kuwa maneno yenyewe, ambayo ndiyo tunayoyahitaji zaidi, hutumia sekunde zisizozidi 2 kati ya 125. Picha peke yake huchukua zaidi ya theluthi mbili za muda wote.

Sasa tuseme kuwa shule ina njia ya kilobiti 512 kwa sekunde, na kompyuta 20 zinaitumia kwa pamoja. Kila moja hupata kilobiti 25.6 kwa sekunde. Ukurasa uleule utahitaji sekunde 625, yaani dakika 10 na sekunde 25. Hakuna kilichoharibika, njia imegawanywa tu.

Kipimo cha pili hutegemea umbali. Setilaiti za mawasiliano zinazoonekana kusimama mahali pamoja juu ya ikweta ziko kwenye kimo cha kilomita 35,786. Ombi hupanda na kushuka, na jibu hupanda na kushuka. Jumla ni zaidi ya kilomita 143,000. Kwa kuwa mawimbi ya redio husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, ombi moja na jibu lake huchukua karibu nusu sekunde, hata kama faili ni dogo kiasi gani. Katika nyuzi za kioo za mkongo wa baharini, mwanga husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Safari ya kilomita 10,000 kwenda na 10,000 kurudi huchukua sehemu moja tu ya kumi ya sekunde.

Ndiyo maana kufika kwa mkongo wa SEACOM katika Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009 kulileta mabadiliko makubwa, kwani kabla ya hapo sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti ya Afrika Mashariki na nchi za nje ilipita kwenye setilaiti. Hata hivyo mikongo nayo huweza kukatika. Mnamo tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilipata hitilafu kwa pamoja, na mawasiliano ya Tanzania na nchi nyingine kadhaa yakalazimika kubanwa katika njia chache zilizobaki. Siku kama hizo kurasa nyingi hufika nusu, na kompyuta zetu hazina kosa lolote.

Mambo ambayo mtandao wa polepole hauwezi kuyafanya

Faili halisafiri zima. Hukatwa katika vipande viitwavyo pakiti, ambavyo kwa kawaida havizidi baiti 1,500 kila kimoja. Ukurasa wetu wa mfano unahitaji zaidi ya pakiti 1,300. Kanuni za kusafirisha pakiti hizo, ambazo misingi yake ilitolewa na Vinton Cerf na Robert Kahn mwaka 1974, zinataka kila pakiti ihesabiwe. Iliyopotea hutumwa tena, na iliyotangulia husubiri wenzake mpaka mpangilio utimie.

Kwa hiyo mtandao wa polepole huweza kufanya mambo mawili tu. Huweza kulichelewesha faili, au huweza kulikatiza njiani lisifike lote. Hauwezi kubadili herufi, kugeuza rangi, wala kuleta habari za mwaka jana. Mchunguzi akiikumbuka kanuni hii, ataweza kuzigawa kasoro zote katika mafungu mawili: zile zitokanazo na mtandao, na zile ambazo chanzo chake ni lazima kitafutwe mahali pengine.

Dalili zitokanazo na mtandao wa polepole

*Skrini nyeupe tupu.* Mara nyingi kivinjari kimekwisha kupokea maneno, lakini kinasubiri faili la CSS kabla ya kuonyesha chochote. Dawa yake ni kusubiri.

*Ukurasa ulio uchi.* Maandishi ni meusi juu ya weupe, viungo ni vya buluu vyenye mstari chini yake, na kila kitu kimejipanga upande wa kushoto. Hapa ombi la CSS limeshindwa kabisa, na kivinjari kimeacha kusubiri. Maneno ni salama na yanaweza kusomwa.

*Maandishi hayaonekani, ingawa mistari na rangi zipo.* Kivinjari kinasubiri fonti. Vivinjari vingi husubiri hadi sekunde 3, kisha huonyesha maneno kwa herufi za kawaida za kompyuta.

*Picha nusu, picha yenye ukungu, au fremu tupu.* Picha za JPEG za aina ya kawaida huchorwa kuanzia juu kwenda chini. Zikikatizwa, sehemu ya chini hukosekana. Aina nyingine ya JPEG huonekana kwanza kwa ukungu, kisha hung'aa kidogo kidogo. Fremu tupu yenye maneno machache ndani yake inaonyesha kuwa picha haijafika, na maneno hayo ni maelezo yaliyowekwa na mwandishi wa ukurasa badala ya picha.

*Maandishi yanarukaruka.* Mwandishi wa ukurasa hakutaja vipimo vya picha, hivyo kivinjari hakikuitengea nafasi. Picha inapofika, husukuma chini kila kilicho chini yake. Hatari yake ni kwamba msomaji anayetaka kubofya kitufe kimoja huweza kubofya kingine.

*Kitufe kinaonekana lakini hakiitiki.* Faili la JavaScript bado halijafika, au limekatizwa. Katika jedwali letu faili hili ni kubwa mara 13 kuliko maneno ya ukurasa. Si ajabu likichelewa.

Dalili zisizotokana na mtandao wa polepole

*Herufi za ajabu.* Neno "ng’ombe" likionekana kama "ngâ€™ombe", hakuna pakiti iliyopotea. Alama ya ritifaa iliyopinda huhifadhiwa kwa baiti tatu katika mfumo wa UTF-8. Kompyuta ikizisoma baiti hizo kwa mfumo mwingine wa zamani, huona herufi tatu mahali pa alama moja. Kosa liko kwa mwandishi wa ukurasa au kwenye mipangilio ya kivinjari.

*Onyo kwamba tovuti si salama.* Kabla ya kulaumu tovuti, tazama tarehe ya kompyuta. Kila tovuti salama ina cheti chenye siku ya kuanza na siku ya kwisha. Kompyuta ya zamani ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa husahau tarehe kila inapozimwa, na huweza kudhani kuwa iko miaka mingi nyuma. Hapo kila cheti huonekana batili. Sahihisha tarehe, kisha jaribu tena. Kama tarehe ni sahihi na onyo bado lipo, usiendelee wala usijaze nenosiri lako.

*Habari za zamani, au ukurasa uliochanganyika.* Ili kuokoa muda, kivinjari huhifadhi mafaili yaliyokwisha kupokewa katika hifadhi ya muda iitwayo kache. Tovuti ikibadilishwa, kivinjari huweza kuunganisha maneno mapya na mitindo ya zamani. Katika vivinjari vingi vya kompyuta, kubonyeza Ctrl, Shift na R kwa pamoja hukilazimisha kivinjari kuomba mafaili yote upya. Lakini tukumbuke gharama yake: kilobaiti zote 2,000 zitasafiri tena.

Hatua za uchunguzi

1. Tazama alama ya kupakia iliyo juu ya dirisha la kivinjari. Ikiwa inazunguka, safari haijakwisha. Usipakie ukurasa upya.
2. Andika dalili unayoiona kwa maneno kamili. "Picha hazipo, maneno yapo" ni habari ya kisayansi. "Mtandao mbovu" si habari.
3. Fungua ukurasa mwingine mwepesi. Ukifunguka haraka, huenda tatizo liko kwenye tovuti ya kwanza. Usipofunguka, chunguza mtandao wenu kwanza.
4. Ziombe kompyuta nyingine zisimamishe kazi zao kwa dakika chache, hasa kupakua video na programu zinazojisasisha zenyewe. Kasoro ikitoweka, sababu ilikuwa mgawanyo wa njia.
5. Alama ya kupakia ikisimama na kasoro ikabaki, pakia ukurasa upya mara moja tu.
6. Kasoro ikiendelea, jaribu kivinjari kingine au kompyuta nyingine. Kasoro ikihama pamoja nawe, kompyuta ya kwanza haina hatia.

Kwa nini tunakataza kupakia upya wakati safari inaendelea? Turudi kwenye hesabu yetu ya kompyuta 20. Kwa kilobiti 25.6 kwa sekunde, HTML huhitaji sekunde 9.4 na CSS sekunde 25, jumla sekunde 34.4. Mtumiaji anayepakia upya kila baada ya sekunde 30 huyakatiza mafaili kabla hayajatimia, na safari huanza tena. Huyo ataona skrini nyeupe hadi jioni, ilhali jirani yake aliyekunja mikono anasoma.

Turudi kwa mwanafunzi wetu

Sasa tunaweza kumjibu. Maneno yake yalifika yote, basi mtandao haukukatika tangu mwanzo. Rangi hazikuwapo, basi CSS ilishindwa. Kitufe hakikuitika, basi huenda JavaScript nayo ilishindwa. Hakuna dalili yoyote ya virusi, wala hakuna uthibitisho kuwa tovuti imeharibika.

Alichopaswa kufanya ni hiki: kunakili majibu yake kwenye daftari, kwa kuwa kupakia upya huweza kuyafuta; kusubiri alama ya kupakia isimame; kuwaomba wenzake wapumzishe mtandao; kisha kupakia upya mara moja.

Lakini jambo lenye uzito zaidi ni zile mara tano alizokibofya kitufe. Kuomba ukurasa wa kusoma mara tano hakuna madhara ila kupoteza muda. Kutuma fomu mara tano ni jambo jingine, kwa sababu kila ombi huweza kuhesabiwa kuwa ombi jipya, na kama kuna malipo, huenda yakakatwa zaidi ya mara moja. Pengine ombi la kwanza lilifika salama, na kilichopotea ni jibu tu. Kwa hiyo, baada ya kutuma fomu, subiri. Usipopata jibu, usitume tena kabla ya kuangalia kama kuna namba ya uthibitisho, ujumbe wa simu au barua pepe, au kuingia upya katika akaunti yako uone hali ya ombi. Andika saa na dakika uliyotuma. Kivinjari kikikuuliza kama unataka kutuma habari zilezile tena, fahamu kuwa hilo ni onyo.

Na kwa kuwa njia ya shule huwa nyembamba zaidi wakati wote wanaitumia, fomu yenye siku ya mwisho haingoji siku ya mwisho.

Jaribio la darasani

Jaribio hili halihitaji intaneti wakati wa kipindi. Mwalimu aandae mapema ukurasa rahisi wenye picha, aufungue kwa kivinjari cha kompyuta, abonyeze Ctrl na S, na achague kuuhifadhi ukurasa wote. Litapatikana faili la HTML pamoja na folda ya mafaili yanayoambatana nalo.

1. Fungua faili la HTML na uchore mchoro wa jinsi ukurasa unavyoonekana.
2. Katika folda, tafuta mafaili ambayo majina yao yanaishia na .css. Yabadilishe majina. Fungua ukurasa tena. Umeona nini?
3. Yarudishie majina yake, kisha badilisha majina ya picha. Tofauti ni ipi?
4. Rudisha picha, kisha badilisha majina ya mafaili yanayoishia na .js. Jaribu kila menyu na kila kitufe.

Wanafunzi waandike matokeo katika jedwali lenye safu mbili: faili lililokosekana, na dalili iliyoonekana. Jedwali hilo libandikwe ukutani karibu na kompyuta za shule.

Maswali

1. Faili la picha lina kilobaiti 600. Litahitaji muda gani kupita kwenye njia ya kilobiti 64 kwa sekunde?
2. Ukurasa una mafaili 30 madogo, na kivinjari kinayaomba moja baada ya jingine kupitia setilaiti. Kila ombi na jibu lake huchukua nusu sekunde. Ni muda gani utapotea kwa kusubiri tu? Je, kuongeza upana wa njia kutaupunguza muda huo? Eleza.
3. Mwanafunzi anaona jina lake limeandikwa kwa herufi za ajabu kwenye orodha ya matokeo, na anasema kuwa sababu ni mtandao wa polepole. Mjibu kwa kutumia kanuni ya pakiti.
4. Kwa nini ukurasa ulio uchi ni afadhali kuliko skrini nyeupe kwa mtu anayetafuta habari?

Majibu ya hesabu: swali la 1, sekunde 75, swali la 2, sekunde 15.